Mwezi na Dagaa Wapi na Wapi

Kwenye meli ya kutoka Mwanza kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, nilikaa ubavuni mwa mama mmoja aliyekuwa na mabati ya kuezekea, boksi la vifaranga na simu mbili zilizokuwa zikiita kwa zamu. Tulikuwa hata hatujalipita vizuri Jiwe la Bismarck nilipotoa bunda langu la karatasi na kuanza kusoma, kalamu mkononi. Akanitazama kwa huruma.

"Mitihani hiyo, kaka?"

Nikamwambia si mitihani, ni hadithi za watu. Ninakwenda Ukerewe kwenye warsha ya uandishi.

"Posho wanatoa shilingi ngapi?"

Nikamwambia posho hakuna, tena kila mshiriki anachangia chakula chake. Akawageukia vifaranga wake. Naona aliamua kwamba ama sina akili timamu, ama ninamficha kiwango.

Simlaumu. Warsha tunazozijua wengi wetu zina ukumbi wa hoteli, bango kitita, kalamu yenye jina la mfadhili, chai ya saa nne, kazi za vikundi, na mwishoni picha ya pamoja. Hata za waandishi nimezihudhuria za namna hiyo. Unasikiliza mada kuhusu fani na maudhui, wahusika bapa na wahusika duara, kisha unarudi nyumbani na hadithi yako ileile, na makosa yake yaleyale, maana hakuna aliyeifungua. Hii ya Ukerewe niliisikia kwa rafiki yangu kwamba ni ya aina nyingine: haitolewi mada yoyote, zinasomwa kazi za washiriki tu, na aliyeianzisha ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili mwenye tabia ya kuwanyamazisha wakubwa. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikate tiketi.

Tena kisiwa chenyewe kina haki ya kuandaa jambo la namna hiyo. Hapo ndipo alipotoka mwandishi Aniceti Kitereza. Ndipo alipotoka Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kumweka msichana wa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya mwaka 1971, katika kijiji hichohicho. Ndipo alipotoka pia Gabriel Ruhumbika, aliyeanza kwa riwaya ya Kiingereza mwaka 1969 halafu akahamia kwenye Kiswahili na kutupa Miradi Bubu ya Wazalendo. Ipo mikoa mizima yenye vyuo vikuu ambayo haijatoa watatu wa kimo hicho. Wenyeji ukiwauliza sababu wanacheka. Dereva wa bodaboda aliyenipokea bandarini alisema ni samaki.

Tulikutana katika darasa la shule iliyofungwa kwa likizo, nje kidogo ya mji. Madawati yalikuwa yamepangwa duara, ubaoni bado kulikuwa na mchoro wa jicho la binadamu uliobaki kutoka kipindi cha baiolojia, na hakuna aliyeufuta mpaka tunaondoka. Walikuwapo walimu wa shule za msingi, muuguzi mmoja, katekista, binti aliyemaliza kidato cha nne na kusubiri matokeo, mama anayenunua dagaa mwaloni na kuwauza Mwanza, na kijana fundi wa mashine za mitumbwi ambaye kucha zake zilikuwa nyeusi kwa oili kuliko wino wowote tuliokuwa nao. Wengi waliandika kwenye simu, kisha wakaenda steshenari kuchapisha. Mwalimu hakubali kusoma hadithi kwenye kioo cha simu. Anataka karatasi, na pambizo pana.

Utaratibu wake ni huu. Mwenye kazi haisomi kazi yake mwenyewe. Anasomewa na mwingine, kwa sauti, naye anakaa na nakala yake akifuatilia. Kisha kazi inajadiliwa, na muda wote huo haruhusiwi kusema neno, hata la kushukuru. Kunyamaza huku si ubunifu wa Ukerewe. Kumeenea kutoka Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ambako mwaka 1936 walianzisha masomo ya uandishi wa kubuni kwa njia ya warsha, na vyuo vingi duniani vikaiga. Sababu yake ni rahisi: kitabu kikishatoka, mwandishi hatakuwapo sebuleni kwa msomaji kumweleza kwamba hapa alikuwa na maana hii na pale alikuwa na maana ile. Afadhali azoee mapema.

Lakini Mwalimu ameongeza la kwake, na kwangu mimi ndilo lenye thamani kuliko lile la Iowa. Anayeanza kusema ni mdogo kuliko wote. Binti wa kidato cha nne anasema kwanza, halafu fundi, halafu vijana wengine, na mwenye mvi anangoja hadi mwisho. Katika nchi ambayo kijana akiulizwa maoni mbele ya wakubwa hujibu "sina la kuongeza", huu ni mtikisiko. Siku ya kwanza binti yule alikuwa akisema "Shikamoo" kwa kila mtu aliyekuwa karibu kumkosoa. Mwalimu akamwambia, "Shikamoo tumezipokea zote kwa pamoja, marahaba. Sasa niambie ulichoka kusoma kwenye mstari gani." Akautaja. Katekista, ambaye hadithi ilikuwa yake, akakodoa macho kwenye karatasi, na nadhani ni mara ya kwanza maishani kuambiwa na mtoto wa jirani kwamba anachosha.

Swali hilo la mstari ni muhimu. Mwalimu hapendi kusikia "hadithi ni nzuri ila irekebishwe kidogo". Anataka mahali. Ulichoka wapi, ulipotea wapi, ulirudia kusoma wapi, ulicheka wapi. Dawa haitaki, anataka kidonda tu, maana mgonjwa hakosei panapomuuma, ila akianza kujiandikia dawa anaharibu. Niliona ukweli wa hilo ilipofika zamu ya kurasa zangu. Walikubaliana karibu wote kwamba walianza kunielewa ukurasa wa tatu. Juu ya la kufanya, kila mmoja alikuwa na lake: muuguzi alitaka niongeze mapenzi, katekista alitaka mhusika wangu atubu. Nilikata kurasa mbili za mwanzo, mapenzi nikayaacha yalivyo, na toba sikuigusa.

Jambo la kuchekesha lilijitokeza kabla hata ya saa sita ya siku ya kwanza. Karibu hadithi zote zilianza na jua kuchomoza. Jua lilichomoza kwa madaha, jua lilichomoza taratibu nyuma ya vilima, ndege wakaimba, umande ukang'ara. Ni insha za shuleni hizi; tulifundishwa hivyo sote, na aliyeanza hivyo alipewa alama. Mwalimu mwenyewe alikiri kwa kicheko kwamba amewapa alama mamia ya majua. Kisha akatoa zoezi: katika kila kazi tutafute sentensi ya kwanza ambayo hakuna mwingine humu darasani angeweza kuiandika. Mara nyingine tulifika ukurasa wa pili ndipo tukaipata. Mara nyingine hatukuipata kabisa, na kimya kilichofuata kilikuwa kigumu kwa mwenye kazi kuliko ukosoaji wowote.

Kwenye hadithi ya fundi tuliipata aya ya tatu. Ilihusu baba na mwanawe walioenda kuvua dagaa usiku, mashine ikazimika katikati ya ziwa. Aya mbili za kwanza zilikuwa za kila mtu: mbalamwezi iling'ara juu ya maji kama hariri, mawimbi yakabembeleza mtumbwi. Halafu mashine inazimika, na yule baba halaani wala hasali. Anachomoa mpira wa mafuta, anaupuliza, anatema petroli upande unaokwenda upepo, kisha anasubiri akihesabu kimoyomoyo. Binti wa kidato cha nne alipoulizwa alisema, "Hapo pa kutema. Nilisikia harufu." Fundi hakuruhusiwa kusema, lakini masikio yake yalicheza.

Wengine wakasifu. Mimi nikasifu. Ikafika zamu ya mama wa dagaa, ambaye muda wote alikuwa ameiweka karatasi mapajani na kuitazama jinsi anavyomtazama mteja anayetaka kukopa.

"Mimi nina swali moja," akasema. "Wanavua nini?"

Tukamjibu, dagaa, imeandikwa.

"Na mwezi unawaka."

Unawaka, ndiyo.

"Mwezi na dagaa wapi na wapi?"

Darasa zima likaguna. Kila aliyekulia ufukweni alikuwa akilijua hilo, nasi tulikuwa tumelipita kwa sababu lilipambwa vizuri. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mvuvi huwasha taa, zamani karabai na siku hizi zaidi za sola au betri, dagaa wakakusanyika penye mwanga, wavu ukawazunguka. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linakuwa na mwanga, taa haina tena cha kuwaita, na wavuvi huvuta mitumbwi nchi kavu wakashona nyavu na kulala na wake zao. Fundi anayajua hayo kuliko mimi, kuliko Mwalimu, pengine kuliko mama mwenyewe. Mashine hutengenezwa zaidi siku hizohizo za mwezi. Kwa nini basi aliuweka?

Hakuruhusiwa kujibu, lakini jioni, tulipokuwa tukila sato wa kuchoma na ugali wa muhogo, alinieleza bila hata kuulizwa. Vitabu vyote alivyosoma, kukiwa na usiku juu ya maji, kuna mwezi. Alidhani hadithi inautaka. "Kazini kwangu nilijua giza," akasema, "ila nilipokaa kuandika, nikasema hapa lazima nipendeze."

Nimekaa na jibu hilo zaidi kuliko na mada zote za hotelini. Kipaji alikuwa nacho, na Kiswahili pia. Kasoro yake ilikuwa moja, kwamba aliposhika kalamu aliacha mlangoni yote anayoyajua akaingia na ya kuazima. Hakuna kitabu cha kanuni za uandishi ambacho kingemwambia hivyo, kwa sababu kitabu hakijui mwezi wa dagaa. Mhariri wa Dar es Salaam angeipitisha mbalamwezi ile na kumsahihishia koma. Ilibidi awepo mtu anayeishi kwa kitu hichohicho, mwenye karatasi mkononi, na aliyepewa ruhusa ya kusema.

Jambo la namna hii liliwahi kufanyika kwa kishindo huko Limuru, Kenya. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika kwa Kikuyu tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, wakawapelekea wanakijiji wa Kamĩrĩthũ waiigize. Mazoezi yalikuwa ya wazi, mtu yeyote akipita anatazama. Wakulima na wafanyakazi hawakuishia kukariri, walianza kusahihisha. Mzee wa heshima hasemi hivi, mwenye umri huu angetumia methali ile, hapa mmeweka maneno ya vijana kwenye kinywa cha mkongwe. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza mwenyewe jinsi alivyojifunza upya lugha yake katika mazoezi hayo. Serikali ilipiga marufuku tamthilia, na mwisho wa mwaka ikamkamata na kumweka kizuizini bila kumfungulia mashtaka. Watu humkumbuka zaidi kwa gereza, na ni haki. Ila mimi kila nikisoma habari hizo huwa naona zaidi wale wazee waliosimamisha igizo katikati ili wasahihishe sentensi. Ilikuwa warsha, ingawa hawakuiita hivyo.

Siku tuliyopumzika nilikodi bodaboda mpaka Kagunguli. Barabara inapita kati ya mawe makubwa yaliyopandana, mihogo na michungwa huku na huku, na watoto wanaouza machungwa kwa ndoo. Nilitaka tu kupita alipoishi na kufanya kazi Kitereza, misheni. Alizaliwa mwaka 1896, akasoma kwa mapadre, akajua Kilatini na Kijerumani, akarudi kisiwani. Riwaya yake ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe. Ilitoka kwa Kiswahili, tafsiri ya mkono wake mwenyewe, mwaka 1980, chini ya Tanzania Publishing House, juzuu mbili. Alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Huyu ni shahidi mgumu kwa mtu anayetaka kusifia warsha. Aliandika bila duara la madawati. Tena naamini kabisa kwamba kama angeileta kwetu tungemharibia. Msomaji wa Kitereza anajua jinsi anavyosimamisha kisa na kuingia katika pombe inavyotengenezwa, hatua kwa hatua, au dawa inavyotafutwa, au mkwe anavyopokelewa, kila salamu na jibu lake. Binti wetu angeonyesha mstari aliochoka, nasi tungetikisa vichwa. Mwalimu angesema kata. Na kilichomo katika kurasa hizo ndicho kinachofanya kitabu kile kiwe hazina. Tukikikata inabaki hadithi ya mke na mume wanaotafuta mtoto. Kezilahabi naye, yule wa riwaya za Nagona na Mzingile, za mwaka 1990 na 1991, warsha ipi ingemvumilia? "Samahani, sikuelewa mhusika yuko hai au amekufa." Ndiyo, na hukutakiwa kuelewa. Duara la watu wema lina uzito wa kumvutia kila mtu katikati. Nimesoma mikusanyo ya hadithi iliyotokana na warsha ambamo waandishi wote wanapumua kwa pua moja.

Niliporudi nikamweleza Mwalimu hoja hiyo. Alikuwa akichonga penseli za kesho kwa wembe. Hakunipinga. Alisema tu kwamba Kitereza hakuwa peke yake kiasi ninachodhani. Alikuwa na Padre Almas Simard, Mkanada, aliyemtia moyo aandike. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Gerald na Charlotte Hartwig, Wamarekani, wakamhimiza aihamishe kazi yake katika Kiswahili ili isifie sandukuni. Na kabla ya wote hao alikuwa na wazee waliomsimulia, ambao bila shaka walimkatiza kila alipokosea. "Kuandika peke yako ni kitu kimoja," akasema. "Kukosa kabisa mtu wa kukusoma ni kitu kingine. Mimi hapa wanakuja watu ambao hadithi zao hakuna mtu aliyewahi kuzisoma, miaka kumi. Hao ndio ninaowaitia. Akija Kitereza, nitamwambia arudi nyumbani akaendelee."

Nililipenda jibu lile, ingawa nilimuuliza atamjuaje. Akasema hajui.

Mama wa dagaa alikuwa na kazi yake pia, kisa cha ushuru mwaloni, na tatizo lake lilikuwa kinyume cha la fundi: alisimulia mwaka mzima wa ugomvi katika ukurasa mmoja, kwa haraka ya mtu anayewahi meli. Tulimwomba asimame kwenye asubuhi moja tu. Alikasirika kidogo, akaenda, akarudi na kurasa nne za asubuhi hiyo, na mtoza ushuru aliyekuwa jina tu akawa na kofia, kikohozi na mke mgonjwa. Sasa alikuwa hawezi tena kumchukia vizuri, akalalamika kwamba tumemharibia adui yake.

Mchana wa mwisho fundi alileta upya hadithi yake. Nilidhani atakuwa ameufuta mwezi, ndilo jambo jepesi. Hakuufuta. Uliwaka uleule, hariri tu ndiyo iliyoondolewa. Ila sasa mitumbwi mingine yote ilikuwa imevutwa nchi kavu, wanaume wamelala, na yule baba anamwamsha mwanawe usiku wa manane anamwambia wanakwenda kuvua. Mtoto anatazama juu, anaona mwezi, hasemi kitu. Wanaingia majini. Taa haziwashwi. Wavu hata haukupakiwa. Tulikuwa tunasoma sentensi zilezile za mashine kuzimika, mpira wa mafuta, petroli kutemwa, na safari hii kila moja ilitisha, kwa sababu tulijua pamoja na mtoto kwamba baba amedanganya, na hatukujua wanakwenda wapi.

Katekista, aliyekuwa msomaji siku hiyo, alifika mwisho na kugeuza karatasi kutazama kama kuna zaidi upande wa pili. Mwalimu akamtazama binti.

"Mama yake alijua?" binti akauliza. "Pale nyumbani, wanatoka usiku na mwezi unawaka. Mke wa mvuvi huyo. Lazima alijua siyo uvuvi. Alisemaje?"

Fundi akafungua mdomo. Mwalimu akamwinulia kidole, lakini mama wa dagaa alikuwa ameshadakia: hakusema kitu, alijifanya amelala, mimi ningejifanya nimelala. Muuguzi akasema hapana, angemfungia mtoto ndani. Wakaanza kubishana juu ya mwanamke ambaye bado hakuwa ameandikwa hata sentensi moja, na fundi, katikati yao, akawa anaandika upesi kwenye pambizo.